Rangi Mwishoni

Imeletwa Kenia juu ya lori la makaa,
imefungwa kamba kama mbuzi wa kuuzwa,
gurudumu moja la nyuma limekalia rimu,
ndani ya jingine majani yameota.
Umri wake? Inanizidi. Ililima Kafubu
mama yangu hajavunja ungo.

Bwana Kalasa akashuka, akapangusa viatu.
"Mama Numbi, nataka nyekundu. Ile ya kuwaka.
Na bomba la moshi liwe refu, watu wa Kipushi walione
kabla hawajasikia muungurumo."

Nikamjibu: rangi mwishoni.
Kwanza niambie, mahindi yako unayapanda kwa nafasi gani?
Akacheka. Akadhani namtania.
Lakini trekta ni kama suruali, hushonwa kwa kipimo cha mvaaji,
na mvaaji si wewe, ni shamba.
Nikampa kamba. Akaenda, akarudi nayo ina mafundo.
Ndipo nikapindua rimu, za ndani zikatazama nje,
magurudumu yakaachana shibiri mbili zaidi,
yapite katikati ya mistari bila kukanyaga bukari ya watu.

Pua yake ilikuwa nyepesi. Ikivuta plau
ingesimama kwa miguu ya nyuma, mbwa anayeomba mfupa.
Nikaitafutia uzito: vipande vinne vya reli,
na mipira ya chuma ya kinu cha kusagia mawe ya mgodini,
iliyochakaa, kila mmoja ngumi ya mtoto.
Kiti nilikitoa kwenye Pejo iliyofia barabara ya Kasapa.
Bado kina ngozi. Bado kinanuka tajiri.

Halafu nozeli. Zinavuja zote.
Pete tatu za shaba, nyembamba kuliko ya ndoa,
ndizo tu nilizokosa, siku tatu nazunguka
katika mji huu uliokaa juu ya shaba,
malori yakipita mlangoni kwangu usiku kucha
yameibeba kwenda Kasumbalesa,
na dukani naambiwa: ngoja, mzigo uko njiani, unatoka Dubai.

Nikarudi kwa zilezile kuukuu.
Nikazichoma mpaka zikawa nyekundu kama kaa,
nikazitumbukiza majini. Chwaa!
Kijana wangu Mwelwa akashika kichwa: "Mama, zitakauka, zitavunjika!"
Hapana. Chuma ndicho ukikitenda hivyo kinakaza roho.
Shaba hulegea.
Hulegea, ikakubali tena mahali pake, ikaziba.
Nimeishi na waume wawili.
Namjua aliyekuwa chuma.

Jumatano alfajiri, umeme hakuna, betri ya kuazima.
Ikakohoa. Ikatema kiota cha panya.
Ikanyamaza.
Nikagusa pampu, kidogo, kama mtu anayefinya chumvi.
Tu.
Tu-tu.
Tututututu,
na vikombe vya chai vikatembea vyenyewe juu ya meza.

Basi, sasa rangi.
Tukakwangua. Nyekundu ilikalia buluu, buluu ilikalia kijani,
na chini kabisa, ubavuni mwa boneti, mikwaruzo ya msumari:
minne imesimama, mmoja umeilalia.
Minne imesimama, mmoja umeilalia.
Mafungu kumi na moja. Kisha miwili, peke yake.
Mtu alikuwa anahesabu.
Mwelwa akasema magunia. Jirani akasema siku bila mshahara.
Mimi nilitazama ile miwili tu, alipoishia.

Usiku, kijana amekwenda zake, nilichukua msumari.
Sasa ni mitatu.
Huo wangu unahesabu nini, sisemi.
Nikapaka vanishi, upana wa kiganja, kwingine kote nyekundu.

Bwana Kalasa aliizunguka mara mbili, akalichekea bomba,
akainama.
"Hapa umesahau."
Sikusahau.
"Basi unipunguzie."
Nikampunguzia falanga za kopo moja.
Akaondoka akiendesha mwenyewe, vibaya, gia ya pili,
viatu vimejaa grisi,
na upande wa Kipushi wingu la kwanza la mwaka.